Mwenye Unyayo Aanze

Wewe, ungekubali kufuta unyayo wa mtu usiyemjua?

Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, nikiwa na miaka ishirini na minne na diploma ya kilimo kutoka Uyole, na nikawaita washirikina watu sita waliokuwa na akili kunizidi. Mmoja wao alikuwa Libérat. Huyo ndiye ninayetaka kumwandika, kwa sababu watu wa aina yake hawaandikwi. Wanahesabiwa tu, siku za sensa na siku za mgao wa mbegu.

Mwaka 1996 kampuni moja ya watafiti wa madini ilifungua ofisi Mpanda, karibu na mgodi wa zamani wa madini ya risasi. Meneja wake, Bwana Maximilian, alikuwa Mtanzania mwenzetu, mrefu, mwenye sauti ya upole, aliyejifunza gofu akiwa masomoni ng'ambo na tangu hapo hakuweza kukaa bila gofu. Alifyeka kipande cha pori nyuma ya nyumba za kampuni, akachimba mashimo tisa, akasimika bendera tisa, kisha akaweka mabanka kumi na manne. Banka ni shimo pana lililojazwa mchanga. Linategwa njiani ili mpira wa mchezaji uzame humo na mwenyewe apate taabu kuutoa. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza niliuliza kwa nini mtu ajichimbie taabu kwa makusudi wakati wilaya nzima imejaa taabu ambazo hakuna aliyezichimba. Bwana Maximilian alicheka, akanipa kazi. Alinipeleka Arusha wiki sita nikajifunze kutunza mabanka, nikarudi kuwafundisha wengine.

Nilipewa watu sita na wiki nne. Mwisho wa wiki ya nne wangekuja wageni wa kampuni kwa ndege ndogo, kucheza shindano.

"Mabanka yakiwa safi siku hiyo," Meneja aliniambia, "nasaini barua za ajira za wote sita. Yakiwa machafu, naleta watu kutoka Arusha."

Kwa watano kati yao hiyo ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Kwa Libérat ilikuwa zaidi. Alikuwa Mrundi wa makazi ya Katumba, na siku zile mkimbizi hakutoka makazini bila kibali. Kibali cha Libérat kilikuwa kimefungwa kwenye kazi: kazi ikiisha, kibali kimeisha, arudi Katumba. Yeye mwenyewe asingeona aibu kurudi. Kule alikuwa na mke, shamba la maharage na nyumba aliyoifyatulia tofali moja moja. Ila binti yake Emelyne alikuwa kidato cha pili sekondari ya mjini, na alilala kwenye chumba alichopanga baba yake. Baba akirudi, binti anarudi naye.

Aliniambia habari hiyo siku ya kwanza, mara moja tu, kama mtu anayekuonyesha mahali penye mwiba ili usikanyage. Hakuirudia tena.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mfupi, mwenye mabega ya mpasua mbao, na hakuna mtu niliyewahi kukutana naye aliyeuliza maswali kumzidi. Kila swali lilianza kwa maneno yale yale: "Mwalimu, kuna kitu sijaelewa." Kwa nini mchanga na si majivu? Kwa nini ukingo wa banka uwe juu upande wa bendera? Mpira ukizama wote usionekane, mwenyewe ataujuaje? Mengine sikuweza kuyajibu, na nilikuwa katika umri ule ambao mtu haoni raha kukosa jibu.

Lori la kwanza la mchanga wa mtoni lilipofika, Libérat alichota kidogo kwa vidole viwili, akatia mdomoni, akatafuna taratibu huku amefumba macho.

"Una udongo," akasema, akatema. "Ukinyeshewa utashikana kama sakafu."

"Utajuaje kwa meno?"

"Wa kweli unalia. Huu unanyamaza."

Nikatia mimi pia mdomoni. Kweli, ulinyamaza. Tukauosha wote, siku nne, kwenye mapipa.

Baada ya hapo nikaanza kuwafundisha reki. Unaingia banka upande wa chini na kutokea palepale. Unavuta reki kuja kwako huku ukirudi kinyumenyume, ili kila unapokanyaga reki ipite juu yake. Chini mchanga uwe unene wa vidole vinne, kwenye mteremko viwili. Ukimaliza, laza reki ukingoni meno yakitazama chini, mtu asije akachomwa.

Mzee Alois alikuwa bora kuliko wote. Alikuwa Mkonongo wa miaka sitini hivi, mrina asali, aliyekuja kila siku kwa baiskeli kutoka Kakese, na alitembea juu ya mchanga kwa wepesi kama aliyeombwa asimwamshe mtoto. Romana, mama wa Kipimbwe aliyelima mpunga maisha yake yote, yeye alivuta reki siku ya kwanza mpaka banka likawa na matuta.

"Romana," Alois akamwita, "tupande lini? Mpunga au viazi?"

"Wewe nenda katundike mizinga yako huko, mzee wa nyuki. Mchanga huu haukuhusu."

"Haunihusu vipi, na mimi ndiye ninayelipigia kelele jembe lako?"

Walicheka, na siku mbili baadaye banka la Romana likawa laini kama unga uliochekechwa. Niliandika kwenye taarifa yangu kwamba mafunzo yanakwenda vizuri sana.

Jumamosi ya wiki ya tatu Bwana Maximilian alicheza kwa mara ya kwanza pamoja na wahandisi wake wawili. Jumatatu asubuhi nilipita kukagua. Banka la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu nikasimama.

Mchanga ulikuwa umepigwa reki vizuri kabisa, mistari imenyooka toka ukingo hadi ukingo. Katikati zilikuwepo nyayo za viatu vya Meneja, kumi na mbili, hazikuguswa. Reki ilikuwa imezizunguka moja moja, kama mtu anavyolima akilikwepa kaburi.

Nikawaita wote sita.

"Nani kafanya hivi?"

"Sote," Romana akasema.

"Mbona hamkufuta?"

"Si zetu."

"Najua si zenu! Ndiyo kazi yenyewe, kufuta za wachezaji!"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa wiki tatu kila mmoja alikuwa anafuta nyayo zake mwenyewe tu, na mimi nilikuwa nawasifu.

Mzee Alois akakohoa. "Bwana shamba, mchanga wa unyayo wa mtu ni mtu. Anayetaka kumdhuru mtu anaanzia hapo. Sasa mimi niingie na reki nimkwangue Meneja toka kisigino mpaka vidole, halafu kesho ashikwe na homa. Nani ataulizwa?"

"Ataulizwa mbu!"

"Mbu haitwi kwenye baraza."

Nilipandwa na hasira. Niliwahutubia kwa dakika kumi nzima. Nilisema tupo mwishoni mwa karne ya ishirini, nilisema nchi haitajengwa na watu wanaoogopa mchanga, nilisema mambo ambayo nikiyakumbuka leo masikio yanapata moto. Kisha nikamgeukia Libérat.

"Wewe umeiona dunia. Futa wewe!"

Libérat aliitazama reki iliyokuwa mkononi mwake. Hakusogea.

"Akifuta Libérat," Mzee Alois akasema kwa upole, "mimi sitasema kitu. Lakini watasema wengine. Mgeni, hana ukoo hapa, anagusa nyayo za mkubwa. Bwana shamba, unataka kumwangamiza mwenzetu?"

Hata mimi niliiona ile njia ilivyoziba pande zote mbili. Asipofuta, kazi inakwenda, na kibali, na shule ya binti. Akifuta, siku yoyote Meneja atakapoumwa tumbo, jina la kwanza kutajwa litakuwa la Mrundi.

Badala ya kukaa na fikra hiyo nikafanya upuuzi. Niliruka ndani ya banka na viatu vyangu, nikakanyaga huku na huku.

"Haya! Zangu hizi! Mbona mimi siogopi?"

"Mama yako anajua unavyotupa nyayo zako ovyo hivi?" Alois akauliza, na wote wakaangua kicheko.

Nikanyakua reki, nikazifuta mwenyewe kwa ghadhabu, nikaondoka.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya miti, Libérat alinifuata kwenye stoo ya vifaa. Alikaa juu ya mfuko wa mbolea.

"Mwalimu, nikuambie habari ya reki ya kwanza niliyoiona."

Mwaka 1972, akiwa na miaka kumi na mitano, familia yao ya watu saba ilikimbia mauaji ya Burundi kuelekea Ziwa Tanganyika. Walifika ufukweni alfajiri. Mtumbwi uliwasubiri mbali, na kati yao na maji palikuwa na mchanga mtupu ambao kila aliyewafuata angeusoma. Baba yao akavunja tawi la mkaratusi, akawaambia watangulie, yeye akawa wa mwisho. Alitembea kinyumenyume akifagia nyayo za mkewe na za watoto wake, mpaka maji yakamfika magotini. Waliteremkia Kapalamsenga, upande wa Tanzania. Tawi lile, Libérat alisema, baba hakulitupa mpaka walipofika nchi kavu, na hata hapo alilitupa kwa kuambiwa.

Nilisimama. "Basi! Kumbe kufuta unyayo ni kumlinda mtu! Waambie wenzako habari hii!"

"Nimewaambia mchana."

"Wakasemaje?"

"Mzee Alois aliniuliza, nyie mlijua kwamba anazifuta? Nikasema tulijua, yeye ndiye aliyetuambia tutangulie. Akasema, basi mlikuwa mmemwachia." Libérat akakuna kidevu. "Sasa mwalimu, kuna kitu sijaelewa. Asubuhi ulipofuta zako kwa hasira, ulisahau kisigino kimoja. Ulipoondoka, Mzee Alois aliingia akakifuta. Palepale, hakusita."

"Alikifuta? Changu?"

"Kama si kitu. Nikamuuliza mbona cha mwalimu unagusa. Akasema, mwenyewe si ameshaanza?"

Akainuka kwenye mfuko wa mbolea.

"Huko mchezo huu ulikotoka," Libérat akauliza, "nani anafuta?"

Nilitaka kumjibu kwamba ni wafanyakazi, kama nilivyoona Arusha. Lakini swali lake lilinikera, nikachukua kijitabu nilichopewa kule. Mwishoni kulikuwa na kurasa tatu za tabia njema uwanjani ambazo sikuzisoma, kwa kuwa niliziona ni adabu za matajiri. Nikazisoma sasa, nikimtafsiria. Kwenye ukurasa wa pili, mstari wa nne: mchezaji akitoka kwenye banka afute nyayo zake mwenyewe kabla ya kuendelea.

"Soma tena," Libérat akasema.

Nikasoma tena. Alicheka mpaka akajishika mbavu, akarudia kwa Kirundi peke yake, akacheka upya. Wiki tatu nilikuwa nimebeba jibu mfukoni, nikiwatukana watu waliolijua bila kitabu.

Alois na wenzake walikubali bila ubishi. Meneja akianza, hata kwa mvuto mmoja, wao watamaliza mabanka yote kumi na manne na kuimba juu yake. Ilibaki Meneja aambiwe, na nikajitolea mimi, kwa kuwa niliamini ninaweza kusema.

Siku tatu sikumpata, alikuwa porini na wahandisi. Nilimpata Ijumaa alasiri, mkesha wa shindano. Nilimweleza habari ya nyayo, nikamwonyesha kijitabu. Laiti ningeishia hapo. Nikaendelea na usawa wa binadamu, na mabwana wapya waliovaa viatu vya mabwana wa zamani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ukurasa huo naujua," akasema. "Lakini unataka nishike reki mbele ya wageni wangu? Kazi hiyo nimewaajiri nyie."

"Bado hujawaajiri."

Tabasamu likatoweka usoni mwake. "Basi kesho tutaona," akasema, akafungua faili lingine.

Nilirudi stoo nikawaambia sita wale kwamba nimeharibu kila kitu. Romana akanitazama kwa huruma.

"Ulimwambia kwa kinywa chenye moto, eeh?"

"Ndiyo, mama."

"Mtu mzima haoshwi uso kwa maji ya kuchemka, mwanangu."

Libérat aliuliza swali moja tu. "Alikataa, au hakujibu?"

"Alisema kesho tutaona."

"Basi hajakataa."

Akachagua reki iliyokuwa nzuri kuliko zote, akaokota kipande cha chupa iliyovunjika, akaanza kuukwangua mpini wake. Alikwangua pole pole, akipitisha kiganja, akirudia mahali palipokwaruza. Nikamuuliza anafanya nini.

"Mkono wake ni laini," akasema. "Ukimchoma ataiachia."

Haya ninayoyaandika sasa niliyaona kwa macho yangu, kesho yake asubuhi.

Wageni walikuwa wanne. Sisi tulisimama pembeni, mimi na bahasha ya zile barua sita, zilizongoja saini ya Meneja, kwapani. Mashimo mawili ya kwanza yalipita bila mpira kuzama. Kwenye la tatu, mpira wa Bwana Maximilian ukapanda, ukakaa hewani, ukadondoka katikati ya banka na kuzama nusu. Akaingia. Aliupiga mara tatu ndipo ukatoka, na mchanga ukamrukia mpaka kwenye nyusi. Akapanda ukingoni akijipangusa, akaanza kuondoka.

Libérat alikuwa amekwisha kutembea. Hakuharakisha. Alisimama mbele ya Meneja, akainama kidogo, akamnyooshea reki kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshika kiwiko, kama Warundi wanavyompa mtu kitu wanachokiheshimu.

"Bwana Meneja," akasema. "Nyayo zako hizo. Hatutaki mtu mwingine aziguse kabla yako. Wewe ukizianza, sisi tutamaliza."

Mgeni mmoja akacheka. "Maximilian, leo umepatikana!"

Meneja hakucheka. Alimtazama Libérat, akaitazama reki, kisha akageuka akazitazama nyayo zake mle bankani kwa muda mrefu. Sijui alichokiona. Nilimuuliza baadaye mara mbili, na mara zote mbili alinibadilishia mazungumzo.

"Nani amekufundisha kusema hivyo?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna, bwana. Niliuliza tu."

Akaichukua. Nilimwona akiusugua mpini kwa kidole gumba, kama anayeshangaa kitu. Akashuka bankani, akaanza kuisukuma reki mbele, na kila unyayo alioufuta aliacha miwili mipya.

"Huyo anapanda viazi," Romana akanong'ona, kanga mdomoni.

"Kinyumenyume, bwana," Libérat akamwambia. "Vuta, usisukume. Rudi nayo."

Bwana Maximilian akarudi nayo, hatua kwa hatua, ubavu ukiwa unatutazama sisi, ulimi umemtoka kidogo kama mwanafunzi anayejifunza kuandika. Alipofika ukingoni alikuwa anatokwa na jasho. Akampa Libérat reki, naye akailaza chini, meno yakitazama mchanga. Meneja akanigeukia mimi, akanyoosha mkono uliojaa vumbi.

"Bahasha hiyo. Na kalamu."

Aliiweka juu ya mgongo wa begi lake la gofu na kuanza kusaini. Nilitaka kuona ni jina la nani lililo juu, lakini macho yangu yalivutwa bankani. Meneja alikuwa amesahau kisigino kimoja, karibu na ukingo wa mbali. Mzee Alois alikuwa ameshavua ndala zake, ameshika reki yake, anashuka kwa upande wa chini, pole pole, akielekea kwenye kile kisigino.